Kamera Iliyotiwa Kalafati

Ingia nyumba yoyote ya mwambao huu, kuanzia Ujiji hadi vile vijiji vya kaskazini ambavyo boti inavijua kuliko gari, utakuta ukutani picha ya mtu amesimama Kibirizi, mwalo wa boti za abiria, na begi lake, amekaza uso kama anayesubiri sindano. Nyuma yake kuna vibanda, vichanja vya dagaa, mapaa ya bati, kilima, na mama mmoja anayepita na beseni kichwani bila habari kwamba anaingia kwenye ukuta wa watu. Maji hakuna. Mgeni atauliza, huyu si alikuwa anapanda boti, sasa ziwa liko wapi? Ziwa lilikuwa upande wa mpiga picha. Tena mpiga picha alikuwa amesimama ndani yake.

Tulimwita Mama Picha. Jina lake halisi nalijua, lakini nikiliandika hapa nusu ya Kibirizi wataulizana ni mgeni gani huyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ambayo, nikisema bila kuongeza chumvi nyingi, ikitoka mwaloni asubuhi, watu wa ng'ambo kule Kongo wanageuka kuangalia nani kaitwa. Kibanda changu cha fotokopi na kuchapa picha kilikuwa karibu na pale boti zinapopakia, kwa hiyo kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu, redio yangu na adhabu yangu.

Mimi aliniita Msomi wa Jioni. Nilisoma elimu ya watu wazima, darasa la jioni, nikamaliza kidato cha nne ndevu zikiwa zimeanza kubadilika rangi, na cheti nikakibandika kibandani mahali ambapo hata anayenunua kalamu lazima akione. Siku ya kwanza Mama Picha alipokiona alikisoma chote, hadi mhuri, kisha akanigeukia.

"Jioni?"

"Jioni, mama."

"Kwa hiyo mchana hujui kitu."

Tangu hapo tukawa marafiki.

Namna yake ya kazi haikuwa ya mtu mwingine. Msafiri akikubali kupigwa picha, Mama Picha alikaza kanga kiunoni akaingia majini kinyumenyume, macho kwa msafiri, mgongo kwa ziwa, mpaka maji yakamfika magotini. Na kama msafiri alikuwa mrefu, mpaka kiunoni. Hakugeuka kutazama wimbi. Akifika alipopataka alisema, "Nitazame mimi, usitazame boti. Boti haikuachi." Halafu akasema, "Usicheke."

Nahodha mmoja kijana, boti yake mpya imepakwa rangi kama keki, aliwahi kumgomea.

"Mama, mimi nataka boti ionekane nyuma yangu."

"Huko uendako boti utakuwa nayo?"

"Si ndiyo naiendesha."

"Basi kwenye picha ya nini? Boti na maji utavishiba huko. Picha ni ya kukuonyesha ulikotoka. Ukilala ugenini una homa, ukitazama picha ya boti utapona?"

"Mimi homa siijui, mama."

"Utaijua. Simama pale, baba. Kaza uso."

Akasimama. Mtu anayeamuru abiria na mizigo na mbuzi, alisimama pale kama mtoto anayepimwa sare.

Hilo la kukataza watu kucheka wengi walidhani ni ukali tu. Mimi niliyemchapia picha nilijua kidogo zaidi. Alisema anayecheka hufumba macho, na picha ya mtu aliyefumba macho, watu wakija kuiulizia baadaye, inawaumiza. Hiyo baadaye hakuwa anaieleza. Ziwa letu huchukua watu. Likichukua, baada ya siku kadhaa utamwona mzee au mama amesimama mbele ya kibanda changu, hanunui kitu, hasemi, ameshika kofia au ncha ya mtandio. Mama Picha humwona kutoka mbali. Anakuja, anamshika mkono, anauliza mtu wake aliondoka na boti ya nani, anaitafuta kwenye kamera, kisha ananiambia neno moja tu la kazi: "Ichapishe kubwa." Picha za namna hiyo hakuwahi kuziuza. Alizipeleka mwenyewe kwa miguu, hata mwisho wa Ujiji, hata jua likiwa la kukaanga yai kwenye lami, na naapa limewahi kukaanga.

Sasa msikie kioja. Mwanamke huyu aliyeshinda majini kuliko kambare hakujua kuogelea. Wala hakuwahi kupanda boti, hata ya kuvuka kwenda kusalimia. Wabeba mizigo walimtania mpaka wakachoka.

"Mama Picha, leo tunakupakia. Unafika tu kijiji cha pili, unarudi."

"Nikisafiri nani atanipiga picha?"

"Tutakupiga kwa simu."

"Mtaingia majini?"

"Aa, mama, maji ya asubuhi haya?"

"Basi sisafiri. Nani aingie majini kwa ajili yangu."

Kwa kanuni zake, picha ilikuwa ya msafiri. Asiyesafiri hakuwa na haja nayo, kwani wa nyumbani kwake wanamwona kila siku. Ndiyo maana yeye hakuwa na picha yake, na mumewe, ambaye tulimwita Fundi, naye hakuwa nayo.

Fundi alikuwa mjenzi wa boti. Uwanja wake wa kazi ulikuwa chini kabisa, karibu na nyumba yao, penye nguzo nene za kuegeshea boti zikitengenezwa. Alikuwa mpole hata ukimkanyaga ataomba radhi yeye. Kazi iliyompa jina ni kalafati, ile ya kuziba maungio ya mbao ili boti isivuje: unachukua pamba, unailoweka mawese, unaishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu, taratibu, mwanya baada ya mwanya. Watu walisema boti aliyoziba Fundi ukiijaza maji kwa ndani haitoi hata tone nje. Kisha kifua kikaanza kumsumbua, akawa anakohoa kikohozi kirefu, akaacha kazi. Akabaki kukaa mlangoni akitazama boti za wengine zikipita na kusema kwa sauti ya chini, "Ile inavuja. Ile nayo."

Kamera za Mama Picha zilikufa maji, zote. Ya kwanza niliyoijua ililoweshwa na wimbi la boti iliyoondoka kwa fujo. Watu wa mjini wangeiweka kwenye mchele. Mama Picha aliianika juani kwenye kichanja, katikati ya dagaa, akaigeuza pamoja na dagaa walipogeuzwa. Na iliwaka. Ilipiga picha miezi kadhaa ikinuka, na paka wote wa mtaa wa Kasingirima, bila kubakiza mmoja, walihamia Kibirizi kumfuata kifuani. Iliyofuata aliivalisha mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira. Ikatoa jasho kwa ndani, na msimu mzima ule kila aliyesafiri kutoka Kigoma alionekana ametoka kwenye mvuke wa sufuria. Hiyo nayo ikazima, ikawa imezima.

Hapo ndipo alipokuja kibandani siku moja ya mvua, akavuta kigoda, akasema, "Msomi wa Jioni, washa hiyo kompyuta. Nataka kamera isiyoogopa maji. Siyo ya tajiri. Ya mimi."

Lazima nieleze hali ilivyokuwa, maana hapa ndipo shida ilipokaa. Ziwa lilikuwa limeanza kupanda. Kila masika lilipanda kidogo na kiangazi halikurudi lilikotoka. Kibanda changu nilishakihamisha juu. Vichanja vilihamishwa. Nyumba ya Mama Picha ilibaki palepale, maji yakala choo cha nje, yakala jiko, yakaanza kupanda ukutani kwa unyevu unaouona kwa macho. Kifua cha Fundi na unyevu ule havikupatana. Dada yake Fundi alikuwa akiishi Rusimbi, juu, mbali na ziwa, na jirani yake palikuwa na chumba kikavu cha kupanga. Wao walikuwa na akiba moja. Ingetosha kuhama au ingetosha kamera. Kufanya yote mawili isingetosha.

"Mama, na kuhama?" nilimuuliza.

"Kamera ndiyo itakayotuhamisha. Msimu wa harusi unakuja, maharusi wanashuka na boti, matarumbeta, vigelegele, na mvua juu. Nani mwenye kamera ya kusimama kwenye mvua? Hao vijana wa kupiga picha kwa simu watakimbilia kwenye bati. Mimi nitabaki na maharusi wote."

"Na Fundi anasemaje?"

"Fundi anasema nifanye ninavyoona. Mwanaume wa kusema hivyo ni shida kuliko anayekataza."

Tulichagua kamera kwa majuma. Mimi nasoma Kiingereza, yeye anahoji. Nilipomsomea ya kwanza, imezibwa dhidi ya hali ya hewa, alinyoosha kidole.

"Hali ya hewa ya wapi?"

"Haijasema."

"Ya kwao au ya kwetu?"

Nikasoma zaidi. Inastahimili manyunyu.

"Hapa hakuna manyunyu. Hapa panamwagwa. Nyingine."

Nikamwonyesha kamera ndogo za kuzamia, hazina bei mbaya, zinaingia majini kabisa. Aliziangalia kwa huruma. Kioo chake kidogo kama jicho la kuku, alisema, alfajiri zitaona giza tupu. Tena hazina tundu la kuchungulia, na mchana wa ziwani ule mng'ao wa maji unafuta kila kitu kwenye skrini, unapiga picha kama kipofu. "Na hizi ni za kupiga samaki," akasema. "Samaki hawanunui picha." Kamera mpya kubwa zilizozibwa vizuri zilikuwepo, nzuri, tukazitazama kama watu wanavyotazama harusi ya jirani ambayo hawakualikwa. Zikabaki zilizotumika. Mtindo wa zamani, alisema, si kitu. Uso wa mtu haujabadilika mtindo. Alichotaka ni mwili ulioundwa kwa kazi ya nje, vitufe ambavyo kidole kilicholowa kinavihisi, na mpira kwenye kila mlango.

Tukapata muuzaji Dar es Salaam. Mama Picha akampigia simu. Na hapa niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwingine: hakumwomba picha wala video.

"Mwanangu, weka simu karibu na kamera. Fungua mlango wa betri. Haya, funga."

Akasikiliza, amefumba macho.

"Funga tena polepole. Sasa wa kadi."

"Mama, kamera hainunuliwi kwa sikio..." sauti ya muuzaji ilicheka upande wa pili.

"Funga, mwanangu." Kisha akafunika simu kwa kiganja, akaniambia, "Ikilia *tak*, plastiki imegusa plastiki. Hii imefunga kimya. Mpira bado upo."

Nilimsomea maelezo yote ya kamera ile, mpaka mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho ulikuwa mbaya. Mwili umezibwa, ila lenzi inayokuja nayo haikuzibwa. Pale inapoungana na mwili hakuna pete ya mpira. Lenzi yenye pete ilikuwepo, kwa bei ambayo ingelazimu auze na bati za nyumba. Aliweka kidole kwenye skrini pale pa kuungania.

"Mwanya mkubwa?"

"Hauonekani kwa macho, mama. Lakini upo."

"Nitaufunika kwa kanga," akasema, akamwambia muuzaji atume.

Kamera ilikuja na basi. Aliipeleka nyumbani, nami nikafuata, maana nani angekosa siku kama ile. Fundi alikuwa kitandani, miguu ya kitanda imepandishwa juu ya matofali kwa ajili ya unyevu. Alikohoa, akasogea, akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa watu. Akaigeuzageuza.

"Tatizo liko wapi?"

Mama Picha akamwonyesha ile sehemu.

"Ni maungio," Fundi akasema.

"Ndiyo."

"Nimeziba boti za watu na mifugo yao, nishindwe kuziba kijisanduku?"

"Mume wangu, hiki siyo boti."

"Kina maungio. Lete mawese."

Sijawahi kumwona mwanaume amefurahi vile akiwa anaumwa. Pamba alichomoa kwenye mto aliolalia. Akasokota uzi mwembamba kuliko unywele, hapo naongeza kidogo, akauloweka mawese ya jikoni, akaushindilia kuzunguka lenzi kwa mpini wa kijiko cha chai. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini ikigusa mwanya inatulia. Alizunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, akapangusa kwa dole gumba. Kisha akafanya wanavyofanya kwenye boti: akaomba kikombe cha maji, akamimina taratibu juu ya kiungo, akatega sikio. Mama Picha alikuwa amekamata nguzo ya kitanda.

"Kavu," Fundi akasema. Akalala usingizi saa ileile, kijiko mkononi.

Na kweli. Mvua ya kwanza iliyofuata ilikuwa ile ya radi zetu, zinazofanya mbwa wajiunge na dini. Vijana wa simu walikimbia. Mama Picha alisimama majini kiunoni akapiga boti tatu mfululizo, maji yanamtiririka puani, na alipokuja kibandani picha zilikuwa safi kama kioo cha kinyozi. Alinikumbatia nikalowa fotokopi zote. Wiki ile sauti yake, nadhani hata watu wa Bujumbura waliisikia.

Harusi kubwa iliangukia siku ya jua. Boti mbili zilizofungwa pamoja, matarumbeta, bibi harusi amesimama mbele na shela. Mama Picha aliingia majini asubuhi akabaki humo mpaka mchana, jua utosini, kamera nyeusi kifuani ikipata moto kama kikaango. Alipokuja kuchapa nilifungua picha ya kwanza nikadhani kompyuta yangu imechafuka. Nikafuta skrini kwa shati. Bibi harusi alikuwa anang'aa kwa ukungu mwekundu, kila shanga ina ndevu za mwanga, uso wake umelainika hadi macho hayajulikani yanatazama wapi. Picha zote zilikuwa hivyo. Kona moja ilikuwa na doa kabisa, duara, lenye mistari myembamba ndani yake. Tulilitazama muda mrefu. Lilikuwa dole gumba la Fundi.

Boti hutiwa kalafati ili ikae majini, na maji huipoza. Ukiiacha nchi kavu juani, mawese huyeyuka yakatoka. Hilo kila fundi wa mwambao huu analijua tangu akiwa anachezea randa. Kamera ile ilikuwa boti iliyotiwa kalafati ikaning'inizwa juani, na mawese yakafuata njia yaliyoipata, ndani ya lenzi.

Wenye harusi walizikataa picha, na habari za namna hiyo hazihitaji boti kusafiri. Harusi iliyofuata walimchukua kijana wa simu, na iliyofuata hivyohivyo. Nikamwambia Mama Picha amwambie Fundi, labda anajua namna ya kuyatoa. Alinitazama kwa ukali. Jioni nilipopita kumjulia hali mgonjwa, nilimsikia Fundi akiuliza kwa ile sauti iliyobaki:

"Imeingia maji leo?"

"Hata tone," Mama Picha akajibu.

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa nzito kuisikia. Fundi akatikisa kichwa, akaridhika, na kila jioni akauliza tena, na kila jioni akajibiwa ukweli uleule.

Masika yalifika. Asubuhi moja mtandio wa Mama Picha ulikuwa unaelea chumbani. Wabeba mizigo wa mwaloni, walewale wa utani, walimbeba Fundi na kitanda chake juujuu mpaka barabarani, wakampeleka Rusimbi kwa dada yake. Utani siku hiyo hawakuwa nao. Alikaa kwenye chumba kikavu, dirisha zuri, mbali na maji, na kabla masika hayajaisha akafa. Msibani Mama Picha alikaa na wanawake wenzake, hakulia kwa sauti, yeye mwenye sauti ile. Watu wakamuuliza picha ya marehemu ya kuweka ukumbini. Akasema, "Hakuwa na safari."

Nyumba nayo ikaenda. Ukuta ukalala, bati zikachukuliwa na wenye kuokota, zikabaki nguzo za Fundi zimesimama ndani ya maji, mbali na ufukwe mpya, ndege wanazitumia.

Sikumwona kwa kitambo. Nilidhani ameacha kazi. Kisha alasiri moja, mvua nyembamba inanyesha, nilishuka mwaloni nikamkuta amesimama karibu na maji, kamera imefunikwa kanga, hana mteja. Vijana walikuwa wanapiga wasafiri kwa simu, ziwa nyuma yao, watu wanacheka meno yote nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Msomi wa Jioni. Umenenepa. Siku hizi unakula vyeti?"

Nikacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa furaha ya kuusikia. Nikamuuliza kamera. Akasema fundi mmoja wa kamera alimwambia anaweza kuifungua lenzi na kuisafisha, itakuwa kama mpya.

"Ukasemaje?"

"Nikasema aiache." Alifuta mvua usoni. "Nimejifunza kuiinamisha. Doa naliweka mawinguni. Watu hawaangalii mawingu."

Tukasimama. Boti ikapakia, ikaondoka. Aliisindikiza kwa kichwa, bila kugeuza mwili.

"Wewe uliyesoma mpaka wenye shule wakazima taa," akasema, "mlifundishwa mtu anajuaje kama alikosea?"

Mimi hujibu hata nisiloulizwa. Siku hiyo nilitazama mvua.

"Angehamia Rusimbi mapema, angepona?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Ningejua, hata kwamba nilimuua, ningelala."

Nilitamani kumchekesha. Nikasema la kipuuzi tu, anipige picha.

"Unasafiri?"

"Hapana."

"Basi ya nini."

"Na wewe, mama, ya kwako?"

"Ya kwangu nani aingie..."

Alikuwa amesimama anavyosimama siku zote, mgongo kwa ziwa, na mimi mbele yake nimesimama wanaposimama wasafiri. Nikaona wanachokiona wasafiri na ambacho hakuna picha yake hata moja inayokionyesha: yeye, kisha maji, kisha nguzo za Fundi. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake. Nadhani aliona macho yangu yamekwenda wapi. Hakugeuka. Alivua mkanda wa kamera shingoni, akanivalisha mimi, akaurekebisha begani kama anavyomvalisha mtoto begi.

"Leo mpiga picha halowi," akasema.

Akakaza kanga kiunoni, akaingia majini kinyumenyume. Vijana wa simu waliacha kupiga. Maji yalimfika magotini, akaendelea. Yalipomfika kiunoni nikamwambia inatosha, mama, na sauti yangu haikuwa na utani wowote. Akasimama. Mvua ilikuwa inapiga kamera mikononi mwangu, inatiririka juu ya vitufe, juu ya ile pamba iliyokuwa imekuwa nyeusi, na sikuihofia.

"Nitazame mimi," nikasema.

"Nakutazama."

"Usicheke."

"Nicheke nini."

Nikabonyeza. Akatoka majini, akaichukua kamera, akakausha kioo cha nyuma kwa ncha ya kanga, akatazama. Nami nikachungulia juu ya bega lake. Mimi sijui kuinamisha. Sikuliweka doa mawinguni. Lilikuwa limeangukia nyuma ya bega lake, juu ya nguzo, pale nyumba ilipokuwa, duara la rangi ya mawese lenye mistari yake, na mahali pote palipobaki ni maji.

"Umeweka doa katikati," akasema.

"Nirudie?"

Alikuwa amelitazama vile alivyosikiliza mlango wa betri siku ile, ametulia, amekaza uso. Kisha akanikabidhi kamera.

"Hapana," akasema. "Ichapishe kubwa."